Sababu Ilikuwepo: Maneno ya Kumuaga Daktari wa Chumba Namba Nne

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu wetu. Ndugu Mwenyekiti wa bodi ya hospitali. Madaktari, wauguzi na wafanyakazi wa idara zote. Wakubwa wa kampuni ya ujenzi mlioacha kazi mchana huu mkaja. Wagonjwa wenzangu mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti. Na wewe Dakta, ambaye mkutano huu ni wako: habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi. Sijawahi kutoa hotuba maishani mwangu. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo kitu pekee ninachoandika ni barua ya nyumbani, kwa hiyo mtaniwia radhi nikianza kama ninavyoanza barua. Leo ni Ijumaa, tarehe kumi na nne, mwezi wa pili. Ni miaka mitano, miezi mitatu na siku tisa tangu nimuage mke wangu mlangoni, nikamwambia nakwenda kufanya kazi ya mwaka mmoja na nusu. Chekeni tu. Yeye hacheki.

Wengi hapa mnanijua kwa jina la Goti. Kwa wasionijua, mimi ni mchanganyaji zege katika lile jengo linalopanda nyuma ya hospitali hii. Nimeitwa niseme kwa niaba ya wagonjwa, na ni vizuri mjue nilivyopatikana. Juzi Sista wa mapokezi alinikuta kwenye foleni. Akaniambia, "Goti, wanataka mgonjwa mmoja wa kumsifu Dakta. Nimewapa jina lako."

Nikamwambia, "Sista, nitafutie mwingine. Mimi mdomo mzito."

Akanitazama toka kichwani mpaka viatuni. "Mzito? Mbele ya kamati ulikuwa mwepesi sana." Kisha akaita mgonjwa anayefuata.

Basi nimekuja, ndugu zangu. Nitamsifu Dakta, lakini siwezi kumsifu bila kujisema mwenyewe, na katika hayo mawili, la pili ndilo lililoninyima usingizi wiki hii.

Karatasi niliyoiandika jana ilisema, "Nilikuja hospitali nikiwa na ugonjwa fulani." Leo asubuhi nimelikata neno hilo. Nina kifafa. Kilinianza nikiwa mtu mzima, mwaka wa pili wa kukaa kwangu hapa. Asubuhi moja nilikwenda bombani kunawa, nikaja kuzinduka nimelala kwenye matope, mdomo unatoka damu, na kichwa changu kimepakatwa na mchomeleaji tunayelala naye chumba kimoja, yule tunayemwita Cheche. Cheche aliniambia, "Kaka, ulikuwa unapigana na mtu ambaye mimi simwoni." Nikamwapisha asimwambie yeyote, na hajasema mpaka leo. Yuko pale mlangoni. Cheche, sasa unaweza kupumua.

Msimamizi wangu, naona unanitazama goti. Goti langu zima, bosi. Yote mawili ni mazima.

Siku ya kwanza nilipoingia chumba namba nne, Dakta aliniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia ninapandisha matofali ghorofa ya tano. Aliweka kalamu chini. "Kuanzia leo hupandi juu ya kitu chochote," akasema. "Hata stuli ya kubadilishia taa." Nami nilijua kwamba nikitaja sababu kwa msimamizi, kesho yake nimo kwenye basi na mfuko wangu. Kwa hiyo nilikwenda nikichechemea, nikasema goti limekufa, naomba kazi ya chini. Nikapewa mashine ya zege na jina jipya. Tatizo la uongo wa namna ile ni kwamba unahitaji kumbukumbu. Siku nyingine nilichechemea mguu wa kulia, siku nyingine wa kushoto, na wenzangu wakadhani ugonjwa unahama. Dakta alipousikia uongo ule kwa Sista hakuupenda. Alisema, "Mashine ya zege nayo ina meno. Mwambie ukweli msimamizi wako." Nikamwambia ndiyo, nitamwambia. Leo ndiyo siku hiyo, miaka mitatu baadaye.

Mheshimiwa mgeni rasmi, waliowahi kukaa kwenye kile kiti cha mgonjwa, chenye mguu mmoja mfupi uliotiliwa kipande cha kadi, wanajua kwamba ukikaa pale unatazamana na mlango, na nyuma ya mlango imebandikwa Orodha. Kurasa saba, zimepigwa pini pembe nne. Ni orodha ya dawa ambazo daktari wa hospitali ya umma anaruhusiwa kuziandika. Dawa ikiwa ndani ya Orodha, anaandika. Isipokuwemo, haandiki, hata kama ipo kwenye duka la dawa la ng'ambo ya barabara, hata kama mgonjwa yuko tayari kuinunua mwenyewe.

Sikuja hapa kuitukana Orodha. Siku moja nilianza kuilaani mbele ya Dakta, akanikatiza. "Tulia," akasema. "Wewe hukuwepo zamani. Zamani wauzaji wa dawa walikuwa wakikaa kwenye benchi mbele ya wagonjwa, na mabegi yao, na kalenda zao za zawadi, na kila daktari aliandika dawa ya yule aliyemchekea zaidi. Orodha imewaondoa wale watu. Mimi nilipiga kura iwepo." Hivyo ndivyo alivyosema, na niliona ajabu, maana wakati huo Orodha ilikuwa inaniumiza mimi na kumfunga mikono yeye.

Kwa miaka miwili alinitibu kwa vidonge vya njano. Sitataja jina lake la dukani. Nililitaja mara moja, na mtasikia kilichotokea. Kwa vidonge vile nilikaa miezi kumi na tisa sijaanguka. Kisha ikaja Orodha mpya, na vya njano havimo. Mahali pake pamewekwa vidonge vyeupe. Ni dawa nzuri, sisemi uongo. Kuna mwenzangu wa foleni anaitumia na yuko ngangari kuliko mimi. Lakini mimi iliniweka kama mtu aliyepigwa na nyundo. Nililala nimesimama. Nililala nimeshika koleo. Siku moja Cheche alinizaba kofi mbele ya mashine, na nilipotaka kugombana naye akanionyesha mkono wangu ulipokuwa unaelekea. Sikugombana tena.

Dakta alinijaribu kwa vyeupe wiki sita, kama taratibu zinavyotaka, akipunguza, akiongeza, akibadilisha saa za kumeza. Ilipoonekana haiwezekani, akajaza ile fomu ya maombi maalumu, ambayo daktari humwombea mgonjwa mmoja dawa iliyo nje ya Orodha. Fomu ikaenda. Mwezi ukapita. Akaandika barua ya kukumbushia. Mwezi wa pili ukapita. Katikati ya mwezi wa tatu nikaanguka tena, hatua nne kutoka kwenye mashine.

Ndugu wageni waalikwa, mtu akifika hapo anafanya nini? Mimi nilikwenda chumba namba nne nikapiga magoti. Dakta akanitazama akasema, "Kumbe goti limepona?" Nikalia, naye akaona aibu kwa mzaha wake. "Simama, ndugu yangu. Sikuajiriwa kusujudiwa."

Nikamwambia, "Dakta, dawa ipo hapo ng'ambo. Nitainunua mwenyewe. Hawaniuzii bila karatasi yako. Niandikie tu."

"Kalamu ni yangu," akasema, "lakini karatasi ni ya serikali."

"Nina watoto watatu, Dakta. Nikirudishwa nyumbani na hali hii, nitarudi kuwa mtoto wa nne."

Akafungua faili langu akaandika kwanza humo, taratibu, akinisomea kila mstari: kwamba mgonjwa ana kifafa, kwamba dawa ya Orodha imejaribiwa wiki sita na imemshinda, kwamba maombi yamepelekwa na jibu halijaja, kwamba mgonjwa mwenyewe ameomba, na daktari anaandika kwa kujua anachofanya. Akatia sahihi. Ndipo akachukua karatasi ya dawa akaandika vya njano. Akaniambia, "Wakiniuliza, nitawaonyesha faili." Yakumbukeni maneno hayo.

Sasa nafika kwenye barua. Wafanyakazi wa hapa mnalijua lile sanduku la maoni karibu na mlango wa maabara. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi linafunguliwa, na barua nzuri kuliko zote inasomwa mbele ya wafanyakazi na kubandikwa kwenye ubao. Miezi mitatu baada ya kurudi kwenye vya njano nilikuwa mzima, sisinzii, kazi inakwenda, nikasema mtu huyu lazima barua ya kumsifu ibandikwe. Nikakaa Jumapili nzima. Niliandika kwamba Dakta wa chumba namba nne ni mtu wa huruma, kwamba hakujali Orodha bali alimjali mgonjwa, na ili nisiaibike mbele ya wasomi, nilichukua pakiti ya dawa nikanakili jina lake herufi kwa herufi, na nguvu yake, na tarehe niliyoandikiwa. Nikasaini: Goti, fundi zege. Nilimsomea Cheche mara mbili. Cheche akasema, "Kaka, hii wataitundika kwenye fremu."

Mwezi ule sanduku lilifunguliwa na wakaguzi.

Hilo lilikuwa kosa la mjinga, na Dakta mwenyewe, nimeambiwa, alipoonyeshwa ile barua alicheka akasema mwandiko wangu umenyooka. Kama ningeishia hapo, leo ningesimama mbele yenu nimeona haya kidogo tu. Sikuishia hapo.

Kamati ya uchunguzi ilikaa chumba cha mikutano cha ghorofa ya kwanza, kile chenye zulia la kijani. Watu watatu nyuma ya meza. Dakta kwenye kiti upande wa dirisha. Na kwa kuwa wafanyakazi wa kampuni tunatibiwa hapa kwa makubaliano, alikuwepo pia karani wa kampuni, daftari limefunguliwa. Nilipomwona karani, moyo wangu ukashuka mpaka kwenye lile goti la uongo.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu mstaarabu. Aliniuliza, "Ndugu, dawa hii uliandikiwa kwa ugonjwa gani?"

Karani akainua kalamu. Nikasema, "Kichwa kinauma."

"Uliiomba mwenyewe?"

"Hapana. Dakta mwenyewe tu ndiye aliyeandika."

"Unaruhusu faili lako lisomwe hapa?"

Mnaona wenyewe jinsi mlango ulivyofunguliwa. Ulifunguliwa wote. Neno moja tu. Nikasema, "Hapana. Ni mambo yangu."

Dakta alikuwa ananitazama. Hakunitazama kwa hasira, hasira ningeiweza. Alinitazama jinsi anavyotazama mtu aliyeketi kwenye kile kiti kibovu na bado hajasema anapoumwa. Kisha akageukia dirishani. Mwenyekiti akamwuliza, "Daktari, umesikia. Una la kujitetea?" Alikuwa nalo. Lilikuwa kwenye kabati, chumba namba nne, rafu ya pili, lina sahihi yake. Angesema neno "kifafa" tu yangekwisha. Akajibu, "Faili la mgonjwa ni la mgonjwa. Sina la kuongeza."

Nilitoka mbio. Alinikuta kwenye korido, karibu na ngazi. Nikajibana ukutani, nikangoja nisikie matusi yangu, maana niliyastahili. Akaniuliza, "Vidonge vyako vitakufikisha mwisho wa mwezi?"

Hicho tu. Nikasema ndiyo. Akasema, "Vizuri. Usiache ghafla," akaenda zake.

Ndugu zangu, kuna aibu ya kushikwa na watu, nayo inapoa watu wakipata habari nyingine. Hii ya kwangu hakuna aliyenishika. Nilijishika mwenyewe, pale kwenye korido, na nimejishika mpaka leo.

Yaliyofuata mnayajua. Barua iliandikwa kwamba daktari ameandika dawa nje ya Orodha "bila sababu ya kitabibu". Akatolewa chumba namba nne. Mtu aliyetibu watu miaka thelathini na moja akapelekwa stoo kukagua tarehe za kuharibika kwa dawa, kati ya maboksi, akiwa na tochi. Na akiwa huko akaomba kustaafu kabla ya wakati, na ndiyo sherehe yetu ya leo, na ndiyo keki ile, na ndilo lile bango zuri lililoandikwa "Asante kwa Utumishi Wako". Nani kati yetu asiyejua kwamba utumishi wake haukuwa umeisha?

Wala sikumuumiza yeye peke yake. Fomu zote za maombi maalumu zilizotoka chumba namba nne zilifungwa, kwa hoja kwamba mwombaji hana uaminifu. Zilikuwa tisa. Moja ni ya dada yetu msusi, yuko kule nyuma na kitambaa cha bluu. Wiki iliyopita kwenye foleni aliniambia, "Shemeji, juzi nimelala nimeshika nywele za mteja. Nimezindukia kwenye bega lake." Tukacheka. Yeye hakujua kwamba anacheka na aliyemfanyia. Dada, ni mimi. Nisamehe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, najua hapa si mahali pa kesi. Nilitakiwa niseme kwamba Dakta alikuwa mpole, alifika kazini mapema, alikumbuka majina ya watoto wetu. Yote hayo ni kweli. Lakini kumsifu upole mtu niliyemzulia uongo kungekuwa kumzulia mara ya pili. Kwa hiyo nimekuja na karatasi. Hii hapa. Nimeiandika kwa mkono wangu na Sista wa mapokezi ameishuhudia. Inasema kwamba mimi naruhusu faili langu lifunguliwe, lisomwe na kamati, lisomwe na kampuni, lisomwe na yeyote. Na chini yake nimeandika majibu matatu mapya kwa maswali yale yale matatu. Ugonjwa: kifafa. Niliomba mwenyewe: ndiyo, kwa magoti. Faili: lisomeni.

Siombi Orodha ichanwe. Sina elimu ya kujua dawa gani iwemo na ipi isiwemo, na Dakta mwenyewe asingenikubalia. Naomba mambo mawili tu. Fomu tisa zifunguliwe na zijibiwe na watu watakaokumbuka kwamba mtu akingoja jibu, ugonjwa haungoji naye. Na katika ile barua ya onyo, yale maneno "bila sababu" yafutwe. Sababu ilikuwepo, Mheshimiwa. Ilikaa mbele ya kamati ikaogopa kufungua mdomo. Imesimama hapa.

Msimamizi wangu, Jumatatu usinipange kwenye mashine. Kama kuna kazi ya kufagia nitafagia. Kama hakuna, nitaelewa, nawe hutakuwa na deni kwangu. Ulinipa kazi ya chini kwa ajili ya goti bila kuniuliza cheti. Mtu aliyeniamini hivyo alistahili ukweli.

Dakta. Mzee wangu. Sikuombi unisamehe mbele ya watu, maana mbele ya watu mtu hawezi kukataa, na nimekwisha kukuweka mara moja mahali ambapo hukuweza kujibu. Nakuambia tu kwamba vile vidonge vya mwisho ulivyoniulizia kwenye korido vilinifikisha mwisho wa mwezi, na sikuacha ghafla. Nilipunguza kama ulivyonifundisha.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu, na kwa kutonizomea kabla sijamaliza. Barua ya nyumbani huishia na siku ya kurudi, nami sijui kumaliza kwa namna nyingine. Nilimwandikia mke wangu kwamba nitapanda basi mwisho wa mwezi huu. Jana nimemwandikia tena. Kamati ikikaa itamhitaji shahidi, na safari hii shahidi atakuwepo tangu asubuhi, mlango haujafunguliwa. Nitarudi nyumbani tarehe tatu, mwezi wa nne. Na nikifika nina jambo la kumweleza na yeye, kabla sijaketi, kwa sababu miaka yote hii kila anayekuja huku anapewa na mke wangu chupa ya dawa ya kuchua, aniletee, ya goti. Ziko nne chini ya kitanda changu. Hata moja sijaifungua. Nitazibeba zote.